Bakteria wa Uvimbe na Mhogo wa Marigu

Siku niliyokabidhi funguo za maabara, ninyi mafundi watatu mliniomba niwaandikie "kidogo tu, Mama Kendi" kuhusu miaka yangu ya kazi. Kidogo! Nina wiki tatu hapa nyumbani Kaaga, kengele za shule zote za jirani zinanilia masikioni kama vile bado niko darasani, na hicho kidogo sijakiona. Nani alipanda cheo lini, nani alipelekwa ng'ambo na nani akaachwa, hayo yako kwenye mafaili, yasomeni huko mkiwa na usingizi. Mimi nitawaeleza habari za bakteria mmoja, mhogo mmoja, na mama mmoja wa Kiritiri ambaye hadi leo anangoja mhogo wake urudi nyumbani.

Sikuanzia maabara. Nilianza nikiwa msichana, kibarua katika shamba la maua karibu na Kiirua, na kazi yangu ilikuwa kung'oa mawaridi yenye uvimbe. Mnaujua ule uvimbe kwa picha. Mimi niliujua kwa mikono: donge gumu, lenye mikunjo, limekaa pale shina linapoingia ardhini. Msimamizi alisema ng'oa, choma, usiulize. Basi nikaficha donge moja kwenye koti, nikalipeleka nyumbani na kulipasua kwa kisu cha jikoni. Sikuona mdudu wala uozo, nikaona nyama ya mti tu, nyingi kupita kiasi, kama mti umeambiwa ujenge na haukuambiwa uache. Mama yangu akauliza kama nimeleta tangawizi.

Kesho yake nilimwendea msimamizi. "Ni nini kinafanya hivi?"

"Bakteria."

"Wanafanya vipi?"

"Wanavimbisha."

Jibu hilo liliniudhi mwaka mzima, na nadhani ndilo lililonipeleka chuoni.

Nilipofika Embu, fundi mkuu wa maabara alikuwa Bwana Njeru. Alikuwa mwembamba, mpole, na mgumu wa maneno, kama kwamba kila neno alilinunua dukani. Koti lake jeupe halikuwa na mifuko. Alikuwa ameing'oa yeye mwenyewe kwa wembe, kwa sababu mfuko, alisema, ni nyumba ya ukungu. Siku yangu ya kwanza alinipa chupa za kuosha. Ya pili, chupa. Wiki ya pili ilipoisha nikamuuliza kama nitaona mmea kabla sijazeeka.

"Chupa ngapi zimeota ukungu kati ya zile ulizoosha?" akaniuliza.

"Sita."

"Zikikosa ukungu, utaona mmea."

Miaka mingi tulikuza miche ya migomba na viazi vitamu kwenye chupa, kazi safi, ya subira, na ya kuumiza mgongo. Nilijifunza kushika kisu kidogo kama kalamu, kupitisha koleo kwenye moto bila kujichoma, na kutopiga chafya mbele ya kabati la hewa safi hata kama pua inawasha kufa. Nyinyi mna glavu za kila rangi. Sisi tulisugua mikono kwa spiriti hadi ngozi ikapasuka, na nyumbani mtoto wangu Kendi alisema ninanuka hospitali.

Kisha siku moja Bwana Njeru alirudi kutoka mafunzoni na kichupa kidogo kama kidole, kimezungushiwa barafu. Akaniita. "Hawa ndio wale wa uvimbe wa mawaridi."

Nikamweleza habari za Kiirua, donge, kisu cha jikoni na tangawizi. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka hadi mabega yakatikisika. Halafu akavuta kiti, akanipa jibu ambalo msimamizi wangu hakuwa nalo. Bakteria huyu anaishi udongoni. Mmea ukijeruhiwa, kwa jembe au kwa fuko, unatoa majimaji fulani, naye akiyanusa anakuja pale kwenye jeraha. Haingii kula. Anakata kipande cha maagizo yake mwenyewe, anakipenyeza ndani ya seli ya mmea, na mmea unakisoma kama maneno yake wenyewe. Maagizo yanasema vimba, nitengenezee chakula. Mmea unatii.

"Sasa," akasema, "watu wamechukua bakteria huyu wakamfutia maneno ya uvimbe. Mlango anaujua bado. Sisi tunamwekea barua nyingine aipeleke."

Jamani, sikulala vizuri wiki hiyo, na si kwa hofu. Nilikuwa nikipiga mswaki nafikiria yule mdudu. Nani alimfundisha? Aliujuaje mlango? Mpaka leo nikiona waridi limekaa vibaya barabarani nainama kuangalia shina lake, na majirani hapa Kaaga wameanza kunisalimu polepole kama mgonjwa.

Barua tuliyotaka ipelekwe ilihusu mihogo ya Mbeere. Mnaujua ugonjwa wa michirizi ya kahawia: majani yanadanganya, shina limesimama vizuri, mkulima anangoja mwaka mzima, anachimba, anakata, na ndani kumekauka na kuwa kahawia. Hata mbuzi anaunusa na kuondoka. Mpango ulikuwa kuweka ndani ya mhogo kipande kidogo cha maagizo ya virusi wenyewe wa ugonjwa huo, ili mhogo ukishakijua, virusi wakija uwakatekate kabla hawajatulia. Tulihitaji aina ambazo watu wanazipenda kweli, si zile za kwenye vitabu, kwa hiyo nikatumwa Kiritiri, huko huko Mbeere.

Huko ndiko nilikompata Ciarunji. Alikuwa mjane mwenye mbuzi wachache na sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Shamba lake la mihogo lilikuwa limekufa karibu lote, yamebaki mashina saba. Kimeru changu na Kimbeere chake vilielewana nusu, palipobaki tukajaza Kiswahili. Alichimba mzizi mmoja, akauchemsha, tukala na chai. Mtamu! Wa unga, mweupe, hauna nyuzi hata moja. Akaniambia unaitwa Marigu. Katika kijiji chao pingili za mhogo haziuzwi. Unapewa, na mhogo unaitwa jina la aliyekupa. Marigu alikuwa mama mkwe wake, alimpa mafungu mawili siku alipoolewa.

"Na nikikupa wewe," akasema, "utakuwa umechukua kwa mkono wangu. Yangu ikiisha, unanirudishia. Ndivyo tunafanya."

"Sawa, mama," nikasema.

Nilisema haraka, vile mtu anavyosema sawa kwa mkubwa wake ili asichelewe kuondoka. Akanipa mashina matatu kati ya saba, kwa mikono miwili. Nilimwambia Bwana Njeru kwamba nimeahidi kurudisha. "Nani ameahidi, na nani atarudisha?" akauliza. Nikasema ni mimi na ni mimi. Akaandika MARIGU kwenye chupa ya kwanza kwa mwandiko wake mdogo, na hakuliongelea tena.

Marigu alitutesa. Aina nyingine zilikubali kutoa ile tishu laini ya njano ambayo bakteria wanaipenda. Yeye alitoa povu la kahawia na kufa. Tulibadilisha sukari, homoni, mwanga. Miaka miwili ilikwenda na maji. Mwishowe tishu ikatokea, kidogo, kama chembe za uji uliokaukia sufuriani, na hapo Bwana Njeru akaenda likizo akaniachia kazi.

Sasa sikieni ujinga wangu, kwa sababu mmoja wenu nilimwona mwezi uliopita akielekea huko huko. Nilijua bakteria hawa wanakua vizuri kwenye joto la nyuzi ishirini na nane. Nikajisemea, wakikua vizuri watafanya kazi vizuri. Nikawaweka na tishu ya Marigu siku tatu kwenye chumba chenye joto hilo. Wakastawi ajabu. Sahani nzima ikateleza kwa wingi wao. Nilikuwa nimefura kwa majivuno.

Bwana Njeru aliporudi aliinua sahani, akaitazama kwenye mwanga. "Wamenona."

"Sana," nikasema.

"Wamefanya kazi?"

Mnakumbuka kwamba pamoja na barua yetu huwa tunafunga alama moja: seli iliyopokea barua, ukiipa dawa fulani, inageuka buluu. Tuliweka chembe kwenye dawa, asubuhi tukatazama kwa hadubini. Hakuna buluu. Chembe zote zilikuwa zimelala hapo, njano yao ile ile, na mimi nilitamani sakafu inimeze. Kumbe bakteria kwenye joto wanashiba na kuzaana lakini lile bomba la kupitishia barua hawalijengi. Wanalijenga kukiwa na baridi kidogo, baridi ya asubuhi ya Embu mlima ukiwa umejifunika mawingu. Bwana Njeru hakunigombeza. Alinionyesha namna ya kupunguza joto la chumba, akanipa chembe zilizobaki, zilizotosha sahani mbili tu. Hizo zikiharibika, ilikuwa miaka miwili mingine.

Asubuhi ya matokeo sikuweza hata kunywa chai. Niliinamia hadubini, nikaona njano, njano, njano, halafu kwenye pembe, nukta. Buluu! Halafu nyingine, halafu kundi zima. Nilipiga kelele hadi mlinzi wa lango akaja mbio na rungu. Bwana Njeru alitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Basi mlango ameuona," akasema. Nilimkumbatia, na koti lake lisilo na mifuko. Alistaafu mwaka uliofuata, na akafariki kabla miche ile haijatoka kwenye chupa. Bado inaniuma.

Miche ilitoka. Ikazoea udongo kwenye kibanda cha plastiki, ikapata vibali, ikapandwa kwenye shamba la majaribio upande wa Mbeere: uzio mrefu, kufuli mbili, kitabu cha kuingia na kutoka. Sheria mnazijua. Ua likichomoza, linakatwa. Hakuna jani, mzizi wala pingili itakayotoka. Mavuno yakishapimwa, kila kitu kinahesabiwa na kuchomwa shimoni.

Tuliajiri akina mama wa karibu kupalilia, na mmoja wao alikuwa Ciarunji. Siku ya kwanza alisimama kwenye mstari wa tatu, akaushika mti, akautazama pale unapogawanyika.

"Hii ni Marigu."

"Ni watoto wake, mama," nikasema. "Lakini tumewaongezea kitu ili ule ugonjwa usiwashike."

"Kama vile mnachanja mbuzi?"

Jua lilikuwa kali, wapimaji wananingoja, na mfano wenyewe ulinifurahisha. "Karibu hivyo," nikajibu.

Karibu hivyo! Maneno mawili ya uvivu. Mbuzi akishachanjwa anarudi boma la mwenyewe. Mama wa watu alielewa kabisa nilichosema, ni mimi sikusema kilicho kweli. Sikumwambia kwamba mti huu hautoki mpaka upimwe miaka, ujadiliwe, uruhusiwe na watu ambao mimi na yeye hatuwajui, na kwamba huenda usiruhusiwe kamwe.

Siku ya mavuno tulichimba mistari ile. Aina ya kawaida tuliyopanda kando kwa kulinganisha ilikuwa kahawia ndani. Mstari wa tatu ulikuwa mweupe. Tuliukata vipande vipande, mweupe hadi katikati. Ciarunji aliushika mzizi mmoja akaunusa na kufumba macho, na mimi machozi yakanitoka mbele ya vibarua. Nyumbani kwake, Marigu wa mwisho alikuwa amekufa msimu uliopita. Nililijua hilo.

Jioni ile, kabla ya kuwasha shimo, nilihesabu mashina. Lilipungua moja. Nikahesabu tena. Nikarudi mstari wa tatu, nikakuta kisiki kimekatwa mshazari kwa panga kali, safi, vile unavyokata mbegu ya kupanda, si vile unavyokata takataka ya kuchoma.

Nawaambia ukweli kwa sababu mtaikuta siku yenu: kalamu ilikuwa mkononi. Ningeandika hesabu kamili, na hakuna mtu duniani angejua. Jaribio lingeendelea. Mama angepata mhogo wake. Nilisimama pale hadi mlinzi akauliza kama nimeumwa na nyoka. Halafu nikawaza: ukitoka mmoja kwa siri, utatoka wa pili, na siku ikijulikana, kila mtu aliyesema tunaficha kitu atakuwa amesema kweli. Nikaandika pungufu moja, nikafunga kufuli zote mbili, nikaenda kwa Ciarunji.

Hakuwa amejificha. Nyuma ya jiko, pingili nne zilikuwa zimeshapandwa, udongo umelowa maji ya kuoshea vyombo.

"Karibu, Mama Kendi," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha tupu. "Nimejirudishia. Nimeona miaka inaenda, nikafikiri labda unaona haya kuja na mashina matatu tu baada ya muda wote huo. Nikasema wacha nikusaidie, nichukue moja."

Sijui kama mmewahi kumvunja moyo mtu aliyekuwa anawafanyia heshima. Nilimweleza yote, polepole, yale niliyopaswa kueleza siku ya kwanza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo nilikupa Marigu," akasema, "na sasa si yangu."

"Marigu ni wako, mama. Lakini hii hapa imeongezewa kitu, na hairuhusiwi bado."

"Na ile haijaongezewa inakufa."

"Ndiyo."

Kuku akaja kupekua palipolowa, akamfukuza. "Ng'oa wewe," akasema. "Mimi siwezi kung'oa Marigu kwa mkono wangu."

Nikapiga magoti na kung'oa zote nne. Akanishikia gunia. Tukarudi pamoja, tukazichoma.

Kwenye ripoti niliandika kwamba kosa lilianza kwangu, na nikaandika yale maneno mawili jinsi nilivyoyatamka. Wakaguzi walikuja wakakagua nyuma ya jiko lake kwa miezi, watu wenye buti wakitazama pale pale anapoanikia sufuria. Jaribio lilisimamishwa msimu mmoja. Yeye hakuruhusiwa tena kuingia ndani ya uzio, na mimi sikuweza kulibadilisha hilo ingawa niliomba mara tatu. Wakubwa wangu walisema nilifanya vizuri. Sikujisikia vizuri hata kidogo.

Nilichoweza ni hiki. Kwenye rafu ya juu ya maabara tulikuwa bado tunamkuza Marigu mwenyewe, yule ambaye bakteria hawakumgusa, aliyesafishwa virusi. Nikaomba ruhusa, nikapata, nikazoesha miche kumi na miwili, nikampelekea.

"Hawa nao wameongezewa?" akauliza kabla ya salamu.

"Hapana. Ni Marigu mtupu, kama alivyokupa mama mkwe. Ni wasafi, lakini ugonjwa ukija watashikwa."

Alishukuru kwa kuinamisha kichwa. Akawapanda mbali na shamba la zamani, akalala njaa siku kadhaa akiwaacha wakue watoe pingili za kupanda badala ya kuwachimba ale. Mavuno mawili yalikuwa meupe, na kila mara alinitumia mtu na mfuko wa mihogo hadi Embu. Mavuno ya tatu alinitumia mzizi mmoja, umeshakatwa katikati. Ulikuwa na michirizi.

Hiyo ndiyo hali niliyoiacha. Mstari wa tatu umepandwa tena na tena, kila mara mweupe, kila mara umechomwa. Karatasi za kuomba ruhusa ziko mahali, zinasomwa. Ninavyojua mimi, hakuna aliyekataa na hakuna aliyekubali.

Mwezi uliopita nilikwenda Kiritiri kuaga. Ciarunji amezeeka, sauti imepungua, lakini alinichemshia chai na akaomba radhi kwamba hakuna mhogo wa kutafuna. Nikamwambia nimemaliza kazi, sitarudi maabara tena. Akaweka kikombe chini.

"Nilikupa mkononi mwako," akasema. "Sasa nitauliza nani?"

Nikamtajia majina yenu, yote matatu, na ya baba zenu. Akanifanya niyarudie hadi akayashika.